Mbio za Kupokezana, na Kijiti Kilichoanguka Mtambile

Tangu mashindano ya klabu yetu ya mbio yaishe, wanachama wenzetu si haba wametujia, wengine ofisini na wengine barazani baada ya magharibi, kutuuliza habari za kijiti kilichoanguka. Karibu wote walikuwa na jawabu lao kabla ya kuuliza. Basi tumeona yafaa tuyaandike mambo haya katika gazeti letu dogo, yasomwe na watu wote kwa namna moja, maana maneno ya barazani hukua kila yapokewapo, na yafikapo mwisho wa safari hayafanani tena na yalivyotoka. Tena tunazo fikira zetu wenyewe juu ya mbio hizi, na twajua hazitawapendeza wakubwa wote, wala wadogo wote.

Kwanza twaeleza kwa faida ya wale wasiopata kuziangalia kwa karibu. Mbio za kupokezana vijiti si mbio za mtu mmoja. Watu wanne, au sita, au zaidi, huigawa njia, kila mtu na fungu lake, na kinachokwenda toka mwanzo hata mwisho si mtu ila kijiti. Katika viwanja vikubwa kijiti hicho ni bomba jepesi, urefu wake sentimeta 28 hata 30, na uzito wake usipungue gramu 50. Mtoto wa miaka mitatu aweza kukichukua. Katika mbio za meta 100 mara nne, kijiti hakina budi kupokelewa ndani ya eneo la meta 30. Zamani eneo hilo lilikuwa meta 20, likaongezwa. Kikipokelewa nje ya hapo timu nzima hutolewa, hata kama imewaacha wote kwa mbali. Na liko neno moja katika sheria ambalo twawaomba wasomaji walishike, kwa kuwa tutalirudia: kupokezana huanza pale mpokeaji anapokigusa kijiti, na hakujatimia mpaka kijiti kiwe mkononi mwa mpokeaji peke yake.

Sisi makarani hatuna haja ya kufundishwa maana ya neno hilo. Ofisini hakuna ufunguo wa kasha la fedha utokao kwa mtu kwenda kwa mtu bila ya kuhesabu, kuandika na kutia sahihi. Karani ahamishwaye toka Wete kwenda Mkoani hawezi kuondoka akasema, "Majalada yamo kabatini, mwenzangu atayatafuta." Na ajuaye zaidi ya sisi sote ni tarishi. Yeye hutembea na daftari lake kwapani, na barua haijafika, hata ikiwa juu ya meza, mpaka aliyeipokea ameandika jina lake katika mstari wake. Zamani, kabla ya reli na motokaa, barua za nchi za bara zilichukuliwa na matarishi kwa miguu, mmoja akienda mpaka kituo chake akampa mwenziwe, na mwenziwe akaendelea. Kule Peru nako, katika dola ya Wainka, kabla ya Wahispania kuiteka katika karne ya 16, wakimbiaji wa mfalme walipokezana habari milimani kwa namna ile ile. Kwa hiyo mtu akitaka kujua mbio hizi kwa asili yake ni za nani, twasema ni za matarishi. Neno hili nalo twaomba lishikwe.

Sasa tuje kwenye mashindano yetu. Klabu yetu ilishindana na klabu nyingine nne Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, upepo wa kusi ukivuma vizuri na jua likiwa si kali. Njia ilianza bandarini Mkoani, ikapita Mtambile, na mwisho wake ulikuwa uwanja wa Gombani, Chake Chake. Wenye kuijua Pemba wajua kwamba njia hiyo si mchezo. Wageni watokao Unguja hushangaa, maana wamezoea ardhi iliyolala, na hapa ni kilima juu ya kilima, na katikati mabonde ya mpunga. Kutoka gatini Mkoani mtu hupanda mara moja, kabla viungo havijapata moto. Na anapodhani amekwisha kupanda, huteremka bondeni apate kupanda tena.

Njia iligawanywa mafungu sita. Kamati ilikaa jioni mbili kupanga nani akimbie fungu lipi, na kwa maoni yetu mashindano yalishindwa katika jioni hizo mbili, si barabarani. Fungu la kwanza alipewa mkubwa mmoja, kwa sababu bandarini watakuwapo wapiga picha. Fungu la sita alipewa mkubwa mwingine, kwa kuwa kuingia Gombani mbele ya jukwaa ni heshima, na heshima, ilisemwa, haiwezi kupewa mtu yeyote tu. Mafungu ya katikati, yenye vilima na yasiyo na watazamaji, tuligawiwa sisi tuliobaki kama yanavyogawiwa makoko ya wali baada ya karamu. Sisi tuandikao haya tulipewa la nne. La tano alipewa kijana mmoja tarishi.

Kijana huyo alikuja mazoezini kila alfajiri kwa muda wa wiki saba. Wakubwa wale wawili walikuja mara moja moja, na mmoja wao siku hiyo alikuwa akijaribu viatu vipya. Madada wawili wa ofisini nao walikimbia pamoja nasi wiki zote hizo, na mmoja wao hutuacha sote katika kupanda kilima. Wanaobisha na waje alfajiri wakaone. Siku ya mashindano madada hao walipewa kazi ya kushika chupa za maji. Hawakusema neno. Sisi pia hatukusema neno, na hilo ni kosa letu la kwanza tunalolikiri katika karatasi hii.

Jambo jingine ni la ajabu zaidi. Katika wiki zote saba tulijizoeza kukimbia, wala hatukujizoeza hata siku moja kupokezana. Tulidhani kupokezana ni jambo linalojifanya lenyewe, kama kupeana mkono njiani. Hatuwezi kusema kwamba hatukujua. Katika skuli ya misheni tuliyosomea huko bara, padri aliyesimamia michezo alitufundisha kwa gunzi la muhindi, jioni baada ya jioni, mpaka gunzi likalainika kwa jasho. Alitufundisha kwamba mtoaji asiachie kwa kuona mkono wa mwenziwe umefika, ila aachie kwa kusikia kijiti kinavutwa. Haya tulikuwa nayo kichwani tangu ujana. Lakini kuyatoa mbele ya kamati kungeonekana kana kwamba karani anamfundisha mkubwa wake, basi tukayakalia.

Ulikuwa wakati wa mavuno ya karafuu. Mbele ya nyumba za kando ya njia majamvi yalikuwa yametandikwa, na baadhi yake yalifika hata ukingo wa lami, na harufu yake ilikuwa ikitupanda puani kila tulipovuta pumzi. Tulikipokea kijiti tukiwa watu wa tatu, na kwa neema ya mteremko mmoja tukawa wa pili. Kupita kidogo Mtambile tukamwona tarishi amekwisha kusimama mahali pake, ameinama, mkono wake wa kuume ameunyosha nyuma kama inavyotakiwa. Nyuma yetu ilikuwa ikija gari iliyochukua wakubwa wetu, nao walikuwa wakitupigia makofi madirishani. Hapo ndipo tulipogeuza kichwa. Tulitaka waone kwamba sisi ndio tuliowafikisha nafasi ya pili. Mkono wetu ukafunguka kabla wake haujafumba.

Kijiti kilianguka, kikabingirika, kikaingia katikati ya jamvi la karafuu. Wajibu wa kukiokota ulikuwa wetu, lakini tulisimama pale tumejishika kiuno, tumekwisha pumzi na akili. Tarishi ndiye aliyegeuka. Aliingia jamvini kwa ncha za vidole asizikanyage karafuu za watu, akakichukua, akamwambia bibi mwenye karafuu, "Niwie radhi, bibi." Bibi akamjibu, "Chukua chako, mwanangu, ila usinibebee changu." Wakati huo klabu mbili zilikuwa zimekwisha tupita. Kijana akakimbia, na kabla ya kufika kituo chake alikuwa amempita mmoja wao. Alipofika, mkubwa wetu wa fungu la sita alikuwa bado anafunga kamba za viatu, na hiyo nafasi tuliyoipata ikapotea tena. Tukawa wa nne katika watano.

Jioni ile ile ilisemwa, "Tarishi ametuangushia kijiti." Jumatatu asubuhi maneno hayo yalikuwa yamefika katika ofisi tatu. Tulikuwapo tukiyasikia. Tulikunywa chai yetu. Baada ya wiki mbili yule kijana aliacha kuja mazoezini, na katika mkutano wa kamati mjumbe mmoja akatoa shauri kwamba mwaka ujao watu wa kazi za chini wasiwekwe katika timu, bali wapewe kazi ya maji na mizigo. Shauri hilo halijapigiwa kura. Litapigiwa kura katika mkutano ujao, na hiyo ndiyo sababu ya sisi kushika kalamu.

Basi neno letu la kwanza ni ungamo, nalo ni fupi: kijiti hakikuangushwa na tarishi. Kilikuwa bado hakijawa mkononi mwake peke yake, na kwa sheria tuliyoitaja hapo juu kupokezana kulikuwa hakujatimia. Aliyekiangusha ni sisi. Mwenye kulisema lile la kwanza barazani, na alisome hili.

Neno letu la pili ni kwamba klabu yetu imeelewa vibaya mbio zenyewe. Twadhani zinakwenda kwa miguu ya watu wenye kasi, au kwa vyeo vya watu wenye heshima, kumbe zinakwenda kwa mikono. Wenye kushuku na watazame mambo yaliyotokea duniani. Katika Olimpiki ya mwaka 2016 huko Rio de Janeiro, Wajapani wanne walikimbia mbio za meta 100 mara nne kwa sekunde 37.60 wakachukua nishani ya fedha nyuma ya Jamaika. Katika wanne hao hakuna hata mmoja ambaye hadi siku hiyo alikuwa amepata kukimbia meta 100 chini ya sekunde 10. Waliokuwa wamepata kufanya hivyo walikuwa katika timu nyingine, na baadhi yao walibaki nyuma ya Wajapani. Wajapani walikuwa wamejizoeza kupokezana kwa muda mrefu, tena kwa namna yao, kijiti kikitiwa mkononi toka chini, wala si toka juu kama wafanyavyo wengi. Wamarekani walimaliza wa tatu, kisha wakatolewa kwa sababu ya kupokezana kwao.

Na Wamarekani hao hao ndio mfano wa upande wa pili. Hakuna taifa lenye wakimbiaji wengi wa kasi kuliko wao, na hakuna anayelia kwa vijiti kuliko wao. Mwaka 2008 huko Beijing timu yao ya wanaume na timu yao ya wanawake zote mbili ziliangusha vijiti katika mchujo, jioni moja. Mwaka 2024 huko Paris wanaume wao walitolewa katika fainali kwa makosa ya kupokezana. Tunawataja si kwa kuwacheka. Mtu mwenye kasi nyingi hudhani kasi itamwombea radhi, kama vile mtu mwenye cheo anavyodhani.

Huenda mtu akasema hayo ni ya mataifa makubwa, sisi yanatuhusu nini? Basi tutazame jirani zetu. Mwaka 1968 huko Mexico, Wakenya walichukua nishani ya fedha katika mbio za meta 400 mara nne, nyuma ya Wamarekani. Mwaka 1972 huko München wakachukua dhahabu yenyewe, na waliokimbia walikuwa Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Ni haki kusema kwamba safari hiyo Marekani haikuleta timu, kwa kuwa wakimbiaji wake wawili, Vincent Matthews na Wayne Collett, walikuwa wamefungiwa, na mmoja mwingine ameumia. Ni haki pia kusema kwamba katika meta 400 kupokezana si kazi ngumu kama katika meta 100, maana mtoaji huja amechoka na mpokeaji humtazama. Lakini wasomaji watazame jambo moja: Asati na Nyamau walikuwa katika timu ya 1968, wakawa katika timu ya 1972. Miaka minne walizoeana. Kwetu timu ilipangwa kwa jioni mbili, na mtu wa tano na mtu wa sita hawakupata kukimbia pamoja hata siku moja kabla ya siku yenyewe.

Hapa twaingiza shauri dogo ambalo si la kugombania. Wajapani wana mbio ndefu za barabarani za kupokezana, na za kwanza zilikimbiwa mwaka 1917 toka Kyoto hata Tokyo kwa muda wa siku tatu. Katika mbio hizo hawashiki kijiti. Mkimbiaji huvaa mshipi wa nguo toka begani hata ubavuni, na akikaribia kituo huuvua akauweka tayari kwa mwenziwe. Kwa njia yetu ya Mkoani, yenye jasho na vilima, twaona mshipi wafaa zaidi ya kijiti, na hautabingirika katika karafuu za mtu. Kipande cha kanga kikishonwa vizuri chatosha.

Liko jambo jingine la nchini mwetu lenye mafundisho, nalo ni Mwenge wa Uhuru. Mwenge huo ulipandishwa mlima Kilimanjaro na Luteni Alexander Nyirenda, ukawashwa kileleni nchi ya Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, na mbio zake zilianza mwaka 1964. Wasomaji wengi wamepata kusimama njiani kuupokea. Mwaka 2017 mbio zilikwisha Unguja tarehe 14 Oktoba, na mwaka 2021 zilianzia Makunduchi. Ufikapo Pemba hupita Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Twajua watu wana maneno yao juu ya Mwenge, wengine husifu na wengine hulalamikia gharama, nasi hatukukusudia kuamua hayo hapa. Twajua pia kwamba sehemu kubwa ya njia hupanda gari. Lakini ufikapo mpaka wa wilaya na wilaya, gari husimama. Watu hushuka, hujipanga, na yule anayetoa humkabidhi yule anayepokea mbele ya macho ya watu wote, na hakuna aondokaye kabla ya mwingine kuushika. Hapo wakubwa wetu ni hodari sana. Tumewaona. Twashangaa kwa nini ustadi huo hubaki katika mpaka wa wilaya na hauji nasi barabara ya Mtambile.

Sasa tujibu yale tunayojua yatasemwa. Yatasemwa kwamba cheo ni cheo, na haifai tarishi aingie Gombani mbele ya jukwaa na mkubwa wake abaki vichakani. Sisi hatudharau vyeo. Tunakula kwa vyeo, na siku moja Mungu akipenda tutapanda. Mkubwa anayo nafasi yake katika mashindano: ashushe bendera ya kuanzia, atoe zawadi, tena akitaka kukimbia na akimbie, ila aje alfajiri kama wengine na apangwe kwa saa, si kwa kiti. Saa haijui ngazi ya mshahara.

Yatasemwa pia kwamba habari ya madada si ya kuzungumzwa, kwamba mila na dini haziruhusu. Twajibu kwa adabu. Vikundi vya mazoezi vya Unguja na Pemba vina akina mama na madada wengi, na tarehe 1 Januari, Siku ya Mazoezi ya Kitaifa, huonekana wakitembea na kukimbia pamoja na watu wote, wamejisitiri, wala hakuna aliyevunja mila. Kama wapendelea timu yao peke yao, iwe. Kama hawapendi kushindana, iwe. Lakini hatukuwauliza. Tuliwapa chupa za maji kama kwamba jawabu lao twalijua, na mmoja wao, twarudia, hutuacha kilimani.

Na mwisho yatasemwa kwamba huu ni mchezo tu, na karani mzima anaharibu karatasi na wino kwa kijiti. Hili ndilo twalikataa kabisa. Kijana aliyesingiziwa katika mchezo hukaa na wale wale waliomsingizia kazini siku tano za wiki. Jarida likipotea kesho, au barua ikichelewa, mtu wa kwanza kutazamwa atakuwa yule "aliyeangusha kijiti", na tumeanza kusikia mzaha huo ukitumika ofisini, ingawa bado watu hucheka. Chama chetu kilianzishwa ili mtumishi wa chini apate mahali pa kusemewa. Kikipitisha shauri la kumwondoa katika timu kwa kosa la mtu mwingine, hatujui kitakuwa na uso gani wa kwenda mbele ya Serikali kuomba haki katika habari za mishahara na uhamisho.

Twaomba basi wanachama waje mkutanoni kwa wingi, na wasije kupiga kelele. Shauri la yule mjumbe likataliwe. Timu ya mwaka ujao ichaguliwe kwa majaribio ya wazi, kilima na saa, tarishi na karani na mkubwa, mwanamume na mwanamke. Na nusu ya kila mazoezi iwe ya kupokezana. Kama kijiti hakipatikani, magunzi yapo mengi. Sisi tutakuwa tayari kufundisha yale machache tuliyofundishwa, na safari hii hatutajali nani ataudhika. Mahali petu katika timu twauweka wazi. Tukishindwa katika majaribio tutashika chupa za maji, tena bila ya kinyongo.

Lilibaki jambo moja ambalo halikuwa la kungoja mkutano. Jumamosi iliyopita baada ya alasiri tulikwenda nyumbani kwa yule kijana. Tulimkuta uani amepindua baiskeli yake ya kazi, akitia mnyororo mafuta. Alitukaribisha, akatutolea kiti, mwenyewe akaketi juu ya kinu. Tukamweleza yote, tangu gari na makofi hata chai ya Jumatatu, na kwamba tumeyaandika, na kwamba yatatoka katika gazeti. Alitusikiliza mpaka mwisho bila ya kutukata. Kisha akasema, "Bwana, mimi niliuona mkono wako." Akaendelea kidogo na mnyororo wake, halafu akatuuliza kama mazoezi bado ni saa kumi na moja na nusu. Tukamwambia ndiyo, ni saa ile ile. Hakutuambia kama atakuja.